Kamera Iliyoinama Nje ya Darasa

Jumatatu, tarehe kumi na nne Oktoba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi yalibaki manyunyu, na mawingu yalikaa chini kama yanayotaka kugusa mapaa. Nilikausha maji yaliyoingia chini ya mlango, nikasali kama nisalivyo kila siku kabla ya kukalia cherehani, na katika sala ile nilimwomba Mungu jambo dogo mpaka nikaona haya: aninyooshee mkono wangu wa kulia.

Nilikuwa na sababu. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na minne, na tangu Januari nilikuwa nikisoma darasa la jioni la upigaji picha. Watoto wangu walipomaliza shule zao zote, ndipo nami nikaanza yangu. Marehemu mume wangu aliniachia picha moja tu, na aliyeipiga alikuwa na haraka: kipaji cha uso kimekatwa, na ukuta nyuma yake umelala upande. Niliingia darasani nikiwa na nia kwamba wajukuu wangu wasije wakarithi picha za namna hiyo.

Jumamosi ya wiki ile vyeti vilikuwa vitolewe. Darasa letu liko ghorofa ya pili, na mwenye jengo alikuwa amejenga ukumbi mpya juu yetu, ghorofa ya tatu, akataka ufunguliwe siku hiyo hiyo. Wageni sitini walikuwa wamealikwa, binti yangu na mtoto wake wakiwemo. Mimi nilipewa kazi ya kupiga filamu ya shughuli kwa kamera ya mkononi, kuanzia mlango wa barabarani, kupanda ngazi pamoja na wageni, mpaka juu ukumbini. Filamu hiyo ndiyo ingekuwa mtihani wangu wa mwisho. Picha ikilala, cheti hakuna.

Na picha ilikuwa ikilala.

Kamera yenyewe ilikuwa ya droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani. Unaweza kuitoa tumboni mwa droni na kuichomeka kwenye mpini, ukaibeba mkononi. Inaning'inia kwenye gimbali, yaani vijimkono vitatu vyenye injini ndogo, ambavyo kazi yake ni kuishikilia wima hata wewe ukitikisika. Ikiwa angani, picha zake zilinyooka kama rula. Nikiichomeka kwenye mpini na kutoka nayo barabarani, kila kitu kilielemea kulia: nguzo za umeme, milango, watu. Haikuwa sana. Ilikuwa kiasi cha kumfanya mtazamaji ainamishe shingo bila kujua kwa nini.

Nikiirudisha darasani kumwonyesha mwalimu, inanyooka.

"Mama, hii kamera inakuogopa wewe," mwalimu aliniambia mara ya kwanza, na darasa zima likacheka. Yeye ni kijana wa rika la mwanangu wa pili, mpole, mwenye subira na watu wazima. Wanafunzi wenzangu walikuwa wameshanibandika jina la Bibi Kamera tangu mwezi wa kwanza, na sasa wakasema Bibi Kamera ana bega la cherehani, miaka thelathini ya kuinamia vitambaa imelikunja. Niliwaamini. Nilijitazama kwenye kioo cha wateja nikaona kweli bega la kulia liko chini. Ndiyo maana nikaomba nilivyoomba.

Jioni ya Jumatatu ile mwalimu alisema tutaimaliza kazi hiyo mara moja. Akaiweka kamera kwenye meza ya kazi.

Meza ile ilikuwa fahari yake. Aliitengeneza mwenyewe, akaifunga sakafuni kwa skrubu, na kuilinganisha na kizingiti cha dirisha kwa kufumba jicho moja mpaka mistari miwili ikawa mmoja. Kwenye ukingo wa kushoto alikuwa amegongomea upapi wa mbao, kwa sababu mwaka huu kalamu zilikuwa zimeanza kubiringika na kuanguka. Mbao huzeeka, alisema. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mfagiaji wetu, mwanamke mcheshi asiyemaliza sentensi bila utani, alikuwa na maneno yake kuhusu chumba kile: alisema ni sakafu pekee mjini inayojipiga deki, maana ukimwaga maji mlangoni yanakwenda yenyewe mpaka kona ya dirisha, wewe unayasubiri huko na kitambaa.

Mwalimu alitueleza tena namna ya kuisawazisha gimbali. Unaiweka mahali pa usawa, huigusi, hupumui karibu yake, kisha kwa simu unaiambia ijipime. Injini zinanung'unika, kamera inatikisa kichwa mara tatu, inatulia. "Inakariri," alisema. "Hapo ulipoiweka ndipo itakapopaita usawa." Ikiwa kwenye droni hufuata usawa wa droni, ambao yeye huupima kwenye uwanja wa mpira kabla ya kurusha. Ikiwa kwenye mpini hufuata ilichokariri juu ya meza.

Tuliijaribu tukielekea dirishani, penye mwanga, kama tulivyozoea. Ilikuwa sawa kabisa. Nikashuka nayo ngazi nikishukuru Mungu kimoyomoyo. Barabarani nguzo ya umeme ilikuwa imeelemea kulia kuliko wiki iliyopita.

Jumanne tuliifungua. Mwalimu alikaza skrubu za vijimkono, akabadilisha raba nne za kuzuia mtikisiko, akapuliza vumbi kwenye injini, akachunguza utepe wa waya kwa kioo cha kukuzia. Aliweka programu mpya. Kila alipomaliza hatua moja aliirudisha mezani, akaisawazisha upya, akanituma nje. Nilishuka na kupanda ngazi zile mara tano, magoti yakilalamika, na kila mara nilirudi na jibu lile lile. Mwishowe akasema huenda injini ya pembeni inakufa, na injini ikifa haina dawa. Alisema kwa huruma. Alinishauri Jumamosi nitumie simu yangu, atazungumza na watahini.

Sikutaka kuhurumiwa. Wenzangu walipoondoka niliomba nibaki kidogo, nikafungua kwenye kompyuta ya darasa filamu zote za majaribio nilizopiga mbele ya jengo tangu mwezi uliopita. Nilitoa tepu yangu ya kupimia nguo. Nilichukua nguzo ile ile ya umeme katika kila filamu, nikapima kwenye kioo cha kompyuta imeacha ukingo wa picha kwa kiasi gani kutoka chini hadi juu. Wiki tatu zilizopita ilikuwa nusu sentimita. Wiki iliyofuata, robo tatu. Kisha moja na ziada. Jumanne ile, moja na nusu.

Fundi cherehani anajua mkono uliokosea. Mkono uliokosea hukosea leo hivi, kesho vile. Huu ulikuwa ukienda upande mmoja tu, kila wiki, kama mtu anayetembea. Nilikunja tepu. Juu ya kichwa changu, katika ukumbi mpya, kitu kilidondoka sakafuni, kidogo kama kokoto, kikabiringika muda mrefu.

Jumatano nilifika saa tisa, kabla ya darasa, mfagiaji akanifungulia mlango. Mlango ule ulikuwa umepigwa randa mara mbili mwaka huo kwa sababu unakwama, na aliyeupiga randa alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, fundi mwashi ambaye ndiye pia aliyejenga ukumbi wa juu. Mfagiaji aliusukuma kwa nyonga akisema mlango huu unahitaji kuolewa ndiyo utulie.

Nilisimama katikati ya chumba, nikaelekeza kamera dirishani. Sawa. Kisha, jambo ambalo sisi sote hatukuwahi kulifanya kwa sababu upande ule hauna mwanga, niligeuka nikaielekeza mlangoni. Mlango ulikuwa umelala. Ulilala kuliko nguzo ya barabarani, karibu mara mbili. Nikageuka tena dirishani: sawa. Mlangoni: umelala. Mkono ni ule ule, bega ni lile lile.

Basi nikafanya ninavyofanya nikitaka kujua kama pazia la mteja limeshuka wima. Nilikata uzi mweusi, nikafunga mkasi mdogo mwishoni, nikautundika kwenye fimbo ya pazia mbele ya dirisha. Nikasubiri mkasi uache kuyumba. Nilitazama kwa macho yangu kwanza. Juu, uzi uligusa mbao ya fremu. Chini, ulikuwa umeiacha fremu kwa upana wa vidole viwili.

Uzi wenye mkasi haukariri kitu. Unakwenda chini tu.

Nadhani nilikaa sakafuni. Nakumbuka mfagiaji akiniuliza kama presha imepanda, nami nikimwomba amwage maji kidogo mlangoni. Aliyamwaga akicheka. Yalitembea kwenye vigae hadi kona ya dirisha, bila haraka, kama ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani. Sote wawili tuliyatazama, na safari hii hakusema lolote la kuchekesha.

Nilikuwa nimeomba mkono wangu unyooshwe. Mkono ulikuwa mzima. Kamera nayo ilikuwa nzima. Kila jioni tulikuwa tukiiweka juu ya meza iliyoinama, ndani ya chumba kilichoinama, tukaiambia huu ndio usawa. Nayo, kwa utiifu wote, ikatoka nje ikaona dunia imelala.

Hata hivyo sikutaka kuamini uzi peke yake. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa shemeji yangu, uwanjani kwake anakofyatua matofali. Yeye na mimi tumetaniana tangu siku niliyoolewa; aliponiona na kamera akasema mke wa kaka sasa amekuwa mwandishi wa habari, ngoja akaoge. Nilimwomba pimamaji, ile rula ya mwashi yenye kiputo. Alinionyesha kipande cha zege alichokipima mwenyewe, akaweka pimamaji juu yake, kiputo kikatulia katikati. Nikaiweka kamera hapo nikaisawazisha. Injini zikanung'unika, ikatikisa kichwa mara tatu.

Nilipoinyanyua, nguzo za umeme zilisimama. Nyumba zote zilisimama. Nilicheka kwa furaha kama mtoto, na yeye akacheka kwa kuniona mimi, akauliza kwani ilikuwa na nini. Nikamwambia twende mara moja, nimwonyeshe.

Tulisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na jengo. Nilimpa kamera aangalie kwenye kioo chake. Nguzo ya umeme, wima. Bohari la jirani, ambalo limefungwa miaka miwili, wima. Na jengo letu, katikati ya vitu hivyo vilivyosimama, lilikuwa limeelemea kushoto, upande wa bohari. Uchochoro uliopo kati yao ulikuwa mpana chini na mwembamba juu. Ukishaliona huwezi tena kutoliona.

Shemeji aliacha kucheka. Alitazama kwa muda mrefu mno. Kisha akanirudishia kamera bila kunitazama usoni.

"Usimwambie mtu kwanza," akasema.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema ana wafanyakazi wanaomsubiri. Akavuka barabara kwa mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie, na kuanzia saa ile hakupokea simu zangu.

Nilimwambia mwalimu jioni ile ile. Hakubisha. Alitundika uzi mwenyewe, kwenye kuta zote nne, na kila alipomaliza ukuta mmoja aliketi kidogo. Kisha akaung'oa ule upapi wa meza yake kwa bisibisi, akaweka kalamu, akaiacha. Kalamu ikaenda, ikaanguka. Aliiokota, akaiweka tena.

Ijumaa tulikwenda pamoja kwa mwenye jengo. Ana duka la vifaa vya nyumbani pale chini, nasi tulimkuta akipanga ndoo. Ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na siwezi kumsema vibaya: ndiye aliyetupa darasa wakati hakuna aliyetaka watu wazima wanaosoma jioni. Alituketisha, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mwalimu, kwa sauti ya chini, kama si kweli kwamba kamera hiyo ni mbovu kwa wiki tatu sasa, na kwamba yeye mwenyewe alishamshauri mama huyu atumie simu. Mwalimu akakubali kwamba ni kweli.

"Basi mnataka nikiamini kitu kibovu, nilikatae jengo nililoishi nalo miaka kumi na minane," akasema. "Mama yangu, umechoka. Mtihani umekusumbua. Kesho njoo, upande, ukae mbele kabisa."

Nilitaka kumjibu, lakini macho yangu yalikuwa yamekwenda juu. Katikati ya dari ya duka palikuwa na kiraka cha lipu mpya, mraba, weupe wake tofauti na uliouzunguka. Nilitazama sakafuni, moja kwa moja chini yake. Vigae vinne vilikuwa vipya. Na nilikumbuka kwamba zamani, kabla ya Juni, duka hili halikuwa na uwazi huu. Ulikuwa ukiingia unakizunguka kitu kinene cha zege kilichobandikwa bei za sufuria.

Nikamuuliza nguzo iko wapi.

Alisema ilikuwa inawazuia wateja kuona bidhaa. Alisema fundi alimhakikishia kwamba haikubeba kitu, boriti iliyo juu yake inatosha. Nikauliza fundi gani. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani hakukwambia? Muulize shemeji yako."

Nilimkuta shemeji kwake jua likiwa bado juu, amekaa kwenye ngazi ya mlango, viatu vya kazi miguuni. Hakukana. Alinieleza akitazama mikono yake. Mwenye jengo alitaka nguzo itoke. Yeye alisema ngoja tumwite mhandisi. Mwenye jengo akasema kama hawezi kazi, mafundi ni wengi. Siku mbili tu, nguzo ikaisha. Mwezi uliofuata akaitwa kujenga ghorofa juu. Mwezi wa Agosti aliuona ufa kwenye boriti, unaingia ncha ya mwiko. Akauziba kwa lipu, akapaka rangi. Mlango ulipoanza kukwama aliupiga randa. Ulipokwama tena, akaupiga tena.

"Nilijua, shemeji," akasema. "Nilikuwa najua na sijui."

Sikumfokea. Nilikuwa na hasira, lakini ndani yake nilimwona mume wangu, maana wanafanana vidole. Nilimwambia tu kwamba kesho saa nne mjukuu wetu atakuwa amekaa mstari wa mbele, ghorofa ya tatu, na gauni nililomshonea. Nikamwacha pale. Nyumbani nilimpigia binti yangu nikamkataza asije. Akaniuliza na wale wengine je. Sikuwa na simu za watu sitini. Tulipigia simu ofisi ya mkaguzi wa majengo, mimi na mwalimu, kwa zamu. Iliita mpaka ikakatika. Ilikuwa Ijumaa, na jioni imeingia.

Nilisali mpaka magoti yakafa ganzi. Sikuomba jengo lisimame. Niliogopa kuomba hivyo, kwa sababu ningetulia nikalala, nikaacha kuwazuia watu.

Jumamosi mvua ilianza alfajiri, ya taratibu, isiyo na radi, ile inayokusudia kukaa. Saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni mwa jengo na kamera mkononi, imewashwa. Mwalimu alikuja na sanduku la vyeti kichwani, amelifunika kwa nailoni. Hakupanda nalo. Aliliweka kwenye benchi la ng'ambo, chini ya upenu, akaja akasimama karibu nami. Mfagiaji alikuja na funguo, akanitazama, akazitia mfukoni.

Wageni wakaanza kufika na miavuli yao, wamevaa vizuri, wakiuliza kwa nini hatuingii. Niliwaambia jengo limeinama. Wengine walicheka kwa adabu. Kijana mmoja wa darasa letu akawaeleza kwamba huyu ndiye Bibi Kamera, kamera yake ilishaharibika zamani, sasa anataka na jengo liharibike. Wakacheka zaidi. Waliendelea kuja. Walikuwa ishirini, kisha arobaini, wamejazana chini ya ukuta ule ule kwa sababu ya mvua, na sikuweza kuwasogeza.

Mwenye jengo alifika amevaa suti. Aliona watu wake wamelowa barabarani, akaona mimi mlangoni.

"Mama, unanitia aibu mbele za watu," akasema.

"Nitakulipa aibu hiyo," nikamwambia. "Wakaguzi wakija wakasema jengo ni zima, nitasimama hapa hapa, watu hawa hawa wakiwepo, nikuombe radhi, na cheti sitakichukua. Namwomba Mungu anipe aibu hiyo. Lakini leo hupandishi mtu."

Alinisogeza kando. Hakutumia nguvu, alinishika kiwiko kama unavyomshika mama mgonjwa. Alikuwa na funguo zake. Aliufungua mlango mkubwa, akausukuma. Haukwenda. Akasukuma tena, kisha kwa bega. Ulikuwa umebanwa na fremu yake kama meno yaliyofungwa. Bega la tatu lilipogonga, kitu kililia ndani ya ukuta, sauti nene, fupi, na kipande cha lipu kikubwa kama sahani kikaanguka kati yangu na yeye, kikapasuka juu ya ngazi iliyolowa.

Hakuna aliyecheka. Alisema ni mvua, mbao huvimba. Alisema hivyo mara mbili. Wanaume wawili walijitolea kumsaidia kusukuma. Waliweka mabega yao mlangoni.

Ndipo shemeji akatokea. Alikuwa amelowa mpaka ndani, na viatu vyake ni vile vile vya jana. Alinieleza baadaye kwamba tangu saa kumi na mbili alikuwa akitafuta nyumba ya mkaguzi, akaipata, akaambiwa amesafiri, atarudi kazini Jumatatu. Aliwashika wale wanaume mashati, mmoja mmoja, akawaondoa mlangoni. Kisha akatuomba sote tuvuke barabara, na kwa sababu ndiye aliyejenga, watu wakavuka. Mwenye jengo alibaki kwenye ngazi, amesimama juu ya vipande vya lipu, akimwambia anyamaze, afikirie mkate wake.

Shemeji alimpa mgongo. Alinitafuta kwa macho.

"Inarekodi?" akaniuliza.

Nikamwambia inarekodi. Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Katika kioo kidogo yeye alikuwa amesimama wima, nguzo ya umeme nyuma yake wima, na jengo limeinama juu ya bega lake kama mtu anayesikiliza. Alivua kofia. Mvua ilimpiga kichwani, akapaza sauti ili mpaka wa mwisho chini ya upenu asikie.

"Nguzo ya katikati niliitoa mimi, kwa mikono hii, nikijua inabeba. Ufa niliuona, nikauficha. Sasa naahidi mbele yenu nyote, na mbele ya Mungu ambaye shemeji yangu amemchosha kwa ajili yetu: Jumatatu ofisi ikifunguliwa nitamwambia mkaguzi maneno haya haya, hata kama nitatoka pale nimefungwa. Na mpaka saa hiyo nitakaa hapa, ng'ambo ya mlango huu, mchana na usiku, na hakuna mguu wa mtu utakaoingia mle ndani nikiwa hai."